Kengele ya Hewa: Ilie Mapema, na Aisikiaye Atii



Uko chini shimoni, kipima-hewa kiko kifuani, nacho kinalia. Mwenzako anasema: "Achana nacho, kila siku kinalia bure." Utafanya nini? Soma somo hili, kisha umsomee na mama wa nyumbani, kwa sababu linawahusu nyote wawili.

Sisi wa Kivu tunaijua hewa inayoua bila harufu. Ndugu zetu wa Goma na Sake huiita mazuku. Ni kaboni dayoksaidi itokayo ardhini. Ina uzito wa mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hulala mabondeni na mashimoni. Hewa hiyohiyo ilitoka katika ziwa Nyos, nchi ya Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ikaua watu karibu 1,700.

Kipimo gani kiwekwe?

Hewa safi ina oksijeni 20.9 kwa mia. Kengele ya oksijeni huwekwa ilie inaposhuka hadi 19.5. Wengi hudhani hiyo inatosha. Haitoshi! Fanya hesabu: mazuku ikijaa shimoni hadi 5 kwa mia, oksijeni hubaki karibu 19.9. Kengele ya oksijeni inanyamaza, na wewe tayari unahema, kichwa kinauma, akili inapotea. Kwa hiyo kaboni dayoksaidi lazima iwe na kengele yake. Ya kwanza ilie kwenye 0.5 kwa mia. Ya pili ilie kwenye 1.5, kabla ya kufika 3.

Sumu ya pili ni kaboni monoksaidi, itokayo katika mashini za kuvuta maji, jenereta na moshi wa baruti. Kengele yake ya kwanza ni sehemu 35 katika milioni, ya pili ni 200. Taa ya moto haikuonyeshi sumu hii. Itaendelea kuwaka, wewe ukianguka. Ndiyo maana mashini ya mafuta haishushwi shimoni kamwe.

Kwa nini kengele mbili?

Ya kwanza ni onyo: acheni kazi, tokeni bila kusukumana, mwiteni kapita, hewa safi iingizwe. Ya pili ni hatari: watu wote watoke, hata wa mashimo ya jirani. Kule Goma, wachunguzi wa volkeno nao hutumia rangi, kijani, manjano, rangi ya chungwa na nyekundu, ili watu wajitayarishe kabla mambo hayajaharibika.

Kengele ikilia bure

Kengele iliyowekwa chini mno hulia kila saa, na watu huizoea kama mlio wa jogoo. Iliyowekwa juu mno hulia wakati miguu imekwisha kulegea. Dawa yake si kuziba kipima-hewa kwa kitambaa, wala kupandisha kipimo kwa siri. Dawa ni kutafuta sababu. Je, kilisawazishwa nje, katika hewa safi, mbali na moshi wa jenereta? Kisawazishwe hapahapa kwetu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya milimani ni nyepesi kuliko ya pwani. Je, kilijaribiwa kabla ya zamu? Sababu ikipatikana, mwenye madaraka ndiye atakayebadilisha, naye ataandika kitabuni.

Kengele ikinyamaza, usirudi mara moja. Shusha kipima-hewa kwa kamba, polepole, ukingoje kidogo katika kila hatua, mpaka chini kabisa. Hesabu zikikaa vizuri kwa muda, ndipo kapita atoe ruhusa.

Mwenzako akianguka

Hapa ndipo mioyo mizuri inapokufa. Mmoja anaanguka, wa pili anamfuata kumwokoa, wa tatu anafuata. Usishuke! Ita msaada, ingiza hewa, mvute kwa kamba aliyofungwa tangu mwanzo. Yule asiyefungwa kamba hakupaswa kushuka.

Na wewe mama

Usiku wa mvua, mbabula ya makala haiingizwi katika chumba cha kulala, hata kama watoto wanasikia baridi. Sumu yake ni ileile ya jenereta. Nyumbani hakuna kengele. Kengele ni wewe. Watu kadhaa wakiamka na kichwa kinauma na kichefuchefu, toeni wote nje, kisha nendeni hospitali.

Kata maneno haya, uyabandike mlangoni:

1. Jaribu kipima-hewa kila zamu.
2. Pima chini kabla ya kushuka.
3. Kengele ikilia, toka kwanza, uliza baadaye.
4. Usiizibe, usiibadilishe peke yako.
5. Usimfuate aliyeanguka.

Kazi itakungoja kesho. Watoto wanakungoja leo jioni.