Jua Haki Zako: Wenye Maduka ya Dawa Wanapokubaliana Bei

Tuchukue mfano. Mama mwenye mtoto mwenye homa anashuka njia panda ya Dumila, pale barabara ya Kilosa inapoachana na ile ya Morogoro–Dodoma. Duka la kwanza limepandisha bei ya dawa ya maji ya kushusha homa. La pili nalo limepandisha, kwa kiasi kilekile. Katika la tatu muuzaji anamwambia: "Usihangaike mama, wenye maduka tumekubaliana. Ndio utaratibu."

Utaratibu wa nani? Haki yako inaanzia kwenye swali hilo.

Serikali inasimamia nini

Kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, Baraza la Famasi husajili wanataaluma na majengo ya famasi, na husimamia maduka ya dawa muhimu (DLDM), mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003. DLDM lazima liwe na kibali na mtoa dawa aliyepata mafunzo, na huuza dawa zilizo kwenye orodha yake tu. Ubora na usajili wa dawa zenyewe uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Masharti haya hupunguza ushindani, maana si kila mwenye mtaji anaweza kufungua duka. Sheria imekubali hivyo ili kulinda uhai wa mgonjwa. Kwa hiyo mtoa dawa akikataa kukuuzia antibiotiki bila cheti cha daktari, au akikuelekeza famasi kwa sababu dawa hiyo haimo kwenye orodha ya DLDM, hajakuonea. Ametimiza wajibu wake.

Wafanyabiashara hawaruhusiwi nini

Kupanga bei pamoja ni jambo jingine kabisa. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayotumika Tanzania Bara, kinakataza washindani kupatana bei. Kinakataza pia kuungana kumsusia mtu, kwa mfano kumshinikiza muuzaji wa jumla asimpe mzigo mwenye duka anayeuza nafuu. Mapatano hayo si lazima yaandikwe. Makubaliano ya mdomo yanatosha kuwa kosa, na faini inaweza kufikia asilimia 10 ya mauzo ya mwaka.

Kibali cha kuuza dawa si kibali cha kupatana bei. Wenzetu Marekani walilipima jambo kama hili mwaka 2015. Bodi ya madaktari wa meno ya jimbo la North Carolina, iliyotawaliwa na madaktari wenyewe, ilikuwa imewazuia wasio madaktari kutoa huduma ya kung'arisha meno. Mahakama ya Juu iliamua kwamba bodi ya namna hiyo haiwezi kujificha nyuma ya serikali ili kukwepa sheria ya ushindani, kama serikali yenyewe haisimamii kwa karibu inachofanya.

Bei kufanana peke yake si ushahidi

Maduka mawili yanaweza kununua kwa muuzaji wa jumla mmoja na kuishia kwenye bei moja. Angalia dalili nyingine: bei kupanda siku moja bila sababu, kauli kama "tumekubaliana", ujumbe wa kikundi unaopanga bei, au vitisho kwa anayepunguza.

Hatua za kuchukua

1. Dai risiti kila unaponunua, uitunze. Andika tarehe, duka, jina la dawa na maneno uliyoambiwa.
2. Ukiambiwa ni agizo la serikali, omba kuonyeshwa waraka na ofisi iliyoutoa.
3. Malalamiko ya kupatana bei au kususiana peleka kwa maandishi Tume ya Ushindani (FCC). Omba taarifa zako zitunzwe kwa siri.
4. Duka lisilo na kibali, dawa iliyopita muda wake, au dawa ya serikali yenye alama ya GOT inayouzwa dukani, toa taarifa kwa mfamasia wa wilaya yako, Baraza la Famasi au TMDA.

Nawe mwenye duka unayebanwa na wenzako upandishe bei, sheria hii ni yako pia. Una haki ya kuuza nafuu na haki ya kulalamika ukinyimwa mzigo kwa sababu hiyo. Mgonjwa hachagui siku ya kuugua. Asinyimwe na nafasi ya kuchagua duka.