SOMO LETU: MVUKE WA ESANSE

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 kamyo ya esanse ilipinduka pale Sange, kwa jirani zetu. Watu wakakimbilia na mabidoni kuchota. Moto ukalipuka, ukafika mpaka manyumbani, hata kwa wale waliokuwa wakiangalia mpira. Walikufa watu zaidi ya 230.

Tujue hivi: kinachowaka kwanza si esanse yenyewe, ni mvuke wake. Hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwenye mbabula ya mbali.

Basi tukiona kamyo imeanguka, tusichote, tusiwashe kitu. Tukimbilie kule upepo unakotoka, tukiita na wengine.

Swali: Esanse inaelea juu ya maji. Tuzime kwa maji ao kwa mchanga? Sababu?