Kompyuta Kumi za Mfanyakazi wa Kawaida

Akaunti ya mhudumu wa mapokezi haina makuu. Inawasha kompyuta, inasoma barua pepe, inatuma kazi kwenye printa ya pamoja, basi. Wengi huamini kwamba mdukuzi akiinasa nywila yake, hasara itaishia hapo hapo mapokezi. Kilichojitokeza mwishoni mwa 2021 kilionyesha sivyo.

Tarehe 9 Novemba mwaka huo, Microsoft ilitoa masasisho ya kuziba mianya miwili katika Active Directory, mfumo unaotunza majina, nywila na haki za watumiaji wa mtandao wa ofisi. Mianya hiyo ilisajiliwa kama CVE-2021-42278 na CVE-2021-42287. Ukiitumia yote miwili kwa pamoja, mtumiaji wa chini kabisa anageuka msimamizi mkuu wa mtandao mzima, na hahitaji nywila ya msimamizi yeyote.

Ilikuwaje? Kila kompyuta iliyoingizwa kwenye domeni, yaani mtandao unaosimamiwa na Active Directory, ina akaunti yake, na jina la akaunti hiyo huishia na alama ya dola. Seva ya domeni, ile inayokagua nywila na kugawa ruhusa, ikiitwa DC01, akaunti yake ni DC01$. Mwanya wa kwanza ni kwamba mfumo haukuhakikisha kama dola ipo. Mtu aliweza kusajili kompyuta ya uongo, kisha akaipa jina la DC01 tupu.

Mwanya wa pili ulikuwa kwenye utaratibu wa tiketi uitwao Kerberos. Asubuhi ukiingia, seva hukupa tiketi ya kwanza. Ukitaka huduma fulani, unaonyesha hiyo na kupewa nyingine. Mdukuzi aliomba tiketi ya kwanza kwa jina la DC01, akairudishia kompyuta yake ya uongo jina la awali, kisha akaja na tiketi ile ile kuomba ya pili kwa niaba ya msimamizi. Seva ikalitafuta jina DC01, haikuliona. Badala ya kumkatalia, ikaongeza dola mwishoni na kutafuta upya. Ikaipata DC01$, yaani akaunti yake yenyewe, ikatoa tiketi ya msimamizi inayokubalika pale pale kwenye seva. Huo ni ukarimu uliopitiliza.

Desemba ya mwaka huo huo, programu za kuyafanya haya yote kwa amri moja zilikuwa zimeshasambazwa wazi mtandaoni. Mojawapo inaitwa noPac.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni masasisho, na yawekwe kwenye kila seva ya domeni. Seva moja ya zamani iliyosahauliwa tawini inatosha kumfungulia mtu njia. Ofisi zinazoendesha seva ya domeni kwa programu ya Samba badala ya Windows zisijione zimesalimika: Samba nayo ilitoa marekebisho siku hiyo hiyo, katika matoleo 4.13.14, 4.14.10 na 4.15.2, kwa mianya yake ya aina hiyo.

Ila masasisho hayagusi kitu ambacho mimi naona ndicho kiini cha tatizo. Active Directory, ikiachwa ilivyokuja, humruhusu kila mtumiaji kusajili hadi kompyuta 10 kwenye domeni. Mhudumu wa mapokezi ana shughuli gani na kompyuta kumi? Mpangilio huo unaitwa ms-DS-MachineAccountQuota, nao unapatikana kwenye sifa za domeni ukitumia ADSI Edit. Uweke sifuri. Kabla ya hapo, tenga kundi dogo la mafundi na ulipe ruhusa ya kuingiza kompyuta, maana bila hivyo kazi zitasimama na utalazimishwa kurudisha kumi yako.

Kisha angalia nyuma. Kompyuta zilizosajiliwa na watumiaji wa kawaida huwa na sifa iitwayo mS-DS-CreatorSID. Zitafute, uulize kila moja ni ya nani. Katika kumbukumbu za usalama za seva, tukio namba 4741 ni kusajiliwa kwa kompyuta mpya na 4781 ni akaunti kubadilishwa jina. Yakifuatana kwa dakika chache, na jina jipya likawa halina dola, usingoje kesho. Tenga kompyuta iliyotumika, ita wataalamu, na baada ya kusafisha badilisha nywila ya krbtgt, akaunti ambayo Kerberos huitumia kutia muhuri tiketi zake, mara mbili, ukipisha angalau saa 10 katikati, kwa kuwa huo ndio uhai wa kawaida wa tiketi.

Kama wewe ni meneja na mtandao umemkabidhi fundi wa mkataba, muulize maswali mawili tu: seva zote za domeni zilisasishwa lini mara ya mwisho, na mfanyakazi wa kawaida anaweza kusajili kompyuta ngapi? La pili halihitaji apewe wiki. Ni namba moja, anaweza kuisoma ukiwa umesimama naye.