Gari la Ngazi, Umbali na Maji: Somo la Kinga ya Moto kwa Vyama vya Msingi

Lengo la somo hili ni kuwawezesha makatibu, wajumbe wa kamati na wanachama kupima wenyewe msaada wanaoweza kuutegemea moto unapotokea, na kutambua sehemu ya kazi ambayo hakuna mwingine atakayeifanya ila chama. Somo lisomwe kwa sauti katika mkutano wa kamati au katika kikundi cha kujisomea. Maswali yaliyo mwishoni yajibiwe kwa kupima kwa kamba na kuhesabu kwa kalamu.

1. Mji unaokua

Mwaka 1973 ilikatwa shauri kwamba makao makuu ya Tanzania yahamie Dodoma. Kwa miaka mingi uhamaji ulikwenda polepole, mpaka mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Katika sensa ya mwaka 2012 eneo la manispaa lilikuwa na watu 410,956. Katika sensa ya mwaka 2022 watu walikuwa 765,179. Kwa hiyo katika miaka 10 kila watu 10 waliongezeka kukaribia kuwa 19.

Kata ya Makole, iliyo jirani na katikati ya mji, yaonyesha vizuri mabadiliko hayo. Nyumba za chini zenye paa za bati na majengo ya ghorofa sasa ni majirani. Huko nje nako mji umetanuka: Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 upande wa mashariki, na Mji wa Serikali wa Mtumba umejengwa kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji. Hombolo, penye mashamba ya zabibu, ipo zaidi ya kilomita 30 lakini imo katika eneo la jiji hilo hilo.

Mji ukikua namna hii, kinga ya moto hukabiliwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. Majengo yaenda juu, na makazi yaenda mbali. Wananchi wengi huliona la kwanza tu, na husema kwamba mji unahitaji gari la zimamoto lenye ngazi ndefu. Dai hilo lina haki yake. Hata hivyo kwa chama chenye ghala la mazao, jambo la pili ndilo lenye hatari kubwa zaidi.

2. Jeshi na magari yake

Kwa miaka mingi kazi ya kuzima moto mijini ilikuwa chini ya halmashauri. Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo lipo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mbali na kuzima moto na kuokoa watu, Jeshi hukagua majengo na kutoa ushauri wa kinga na tahadhari. Namba yake ya dharura ni 114.

Magari ya zimamoto si ya aina moja, na kila aina ina kazi yake:

(a) Gari la pampu. Hili hubeba pampu, mipira ya maji na tangi lake lenyewe. Ndilo huanza kazi.

(b) Boza. Hili hubeba maji mengi ya kulisha gari la pampu mahali pasipo na bomba la kutosha.

(c) Gari la uokoaji. Hili hubeba vifaa vya kukatia chuma, kuvunjia milango na kuinulia vitu vizito.

(d) Gari la ngazi. Hili lina ngazi ya chuma inayonyooshwa kwa mitambo, mara nyingi mita 30 au zaidi.

Gari la ngazi lina kazi tatu: kuwatoa watu katika madirisha ya juu, kumwaga maji kutoka juu ya paa, na kuwafikisha askari mahali pa kufungulia njia ya moshi. Lakini mengi ya magari hayo hayabebi maji ya kutosha, na mengine hayana pampu kabisa. Mahali yanapofika peke yake, ngazi itasimama lakini hakuna kitakachomwagwa. Gari la ngazi ni msaidizi wa gari la pampu, na haliwezi kushika nafasi yake.

3. Gari la ngazi hutakiwa lini?

Nchini Marekani kampuni za bima hupima kinga ya moto ya kila mji na kuupa daraja, kuanzia 1 lililo bora hadi 10. Kipimo chao kuhusu ngazi chafaa kujulikana. Eneo likiwa na majengo 5 yenye ghorofa tatu au zaidi, au yenye kimo cha mita 10.7 au zaidi, huhesabiwa kuwa lahitaji gari la ngazi. Eneo lisilofikia kiasi hicho hutosheka na gari la kawaida lenye ngazi za mkono na zana za kuvunjia. Tena gari la pampu linatakiwa liwe ndani ya kilomita 2.4 za barabara kutoka kwenye majengo, na lile la ngazi ndani ya kilomita 4.

Vipimo hivyo si sheria ya Tanzania, wala mji unaokua hauwezi kuvitimiza kwa siku moja. Faida yake ni kuonyesha mpangilio: pampu iwe karibu zaidi, ngazi yaweza kuwa mbali kidogo, na ngazi hudaiwa kwa hesabu ya majengo yaliyopo.

Ngazi nayo ina masharti. Gari lake ni zito, na kabla ya kuinua ngazi hutoa miguu ya chuma pande zote mbili ili lisipinduke. Kanuni za Marekani hutaka njia ya gari la zimamoto isipungue upana wa mita 6, na hushauri karibu mita 8 mahali ngazi itakapoinuliwa. Ardhi iwe ngumu, na pasiwe na nyaya za umeme juu. Kichochoro chenye vibanda pande mbili hakipitishi gari hilo hata kama kituo kipo jirani.

Isitoshe, ngazi ina kikomo. Ngazi ya mita 30, ikiwa imelazwa kidogo kuelekea jengo, hufika ghorofa ya 7 au ya 8 hivi. Jengo la Grenfell jijini London lilikuwa na ghorofa 24 na kimo cha mita 67. Lilipoungua tarehe 14 Juni 2017 watu 72 walipoteza maisha, na ngazi ya mita 42 iliyoletwa kutoka wilaya jirani haikuweza kufika juu. Hivyo chama cha akiba na mikopo kinachopanga ofisi katika ghorofa mjini Makole kisihesabu ngazi ya zimamoto kuwa ndiyo njia yake ya kutokea. Njia ya kutokea ni ngazi ya jengo lenyewe, isiyofungwa kwa kufuli na isiyojazwa makabati ya kumbukumbu.

4. Umbali ni dakika

Watafiti wa Taasisi ya Rand waliochunguza safari za magari ya zimamoto mjini New York katika miaka ya 1970 walitoa hesabu rahisi ya muda wa safari. Ikigeuzwa kuwa ya kilomita, ni hivi: chukua dakika 0.65, kisha ongeza dakika 1.06 kwa kila kilomita ya barabara. Kwa hesabu hiyo:

Kilomita 4 — karibu dakika 5.
Kilomita 8 — dakika 9.
Kilomita 17 — karibu dakika 19.
Kilomita 30 — zaidi ya dakika 32.

Hesabu hiyo ni ya barabara nzuri isiyo na msongamano. Barabara ya vumbi au makorongo ya masika yaongeza muda. Tena hapo hazijaingia dakika za kugundua moto, kupiga simu, na askari kupanda gari.

Moto kwa upande wake haungoji. Chumba chenye vitu vingi vya kuungua chaweza kushika moto chote katika dakika chache tangu mwali wa kwanza. Nyanda za kati, ambako kiangazi ni kirefu na upepo ni mkali, mwali hupata msaada wa kila upande. Ni dhahiri basi kwamba ghala lililo kilomita 17 kutoka kituoni litapokea gari la zimamoto moto ukiwa umekwisha kukua. Askari hawatakuwa wamechelewa. Barabara ndiyo ndefu.

5. Hesabu ya maji ya ghala

Ichukuliwe mfano wa chama chenye ghala la urefu wa mita 30 na upana wa mita 15, lenye alizeti na mtama wa msimu mzima. Eneo la sakafu ni mita za mraba 450.

Chuo cha taifa cha zimamoto cha Marekani hufundisha makadirio ya haraka ambayo, yakigeuzwa, hutoa lita 13.6 za maji kwa dakika kwa kila mita ya mraba inayoungua. Ghala hilo likiungua lote lahitaji lita 6,120 kila dakika. Ikiungua robo yake tu, lahitaji lita 1,530, yaani karibu lita 1,500 kila dakika.

Gari la pampu likifika na lita 5,000, maji hayo kwa robo ya ghala yatadumu dakika 3 na sekunde chache. Boza la lita 10,000 litaongeza dakika zisizofika 7. Jumla ni dakika 10. Baada ya hapo magari yatafute maji, na kama mahali pa kujazia ni mbali, paa litakuwa limeanguka kabla hayajarudi.

Basi maji yatoke wapi? Sehemu kubwa ya maji ya mji wa Dodoma imekuwa ikitoka kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na wananchi wanajua kwamba bomba si la kutegemewa saa zote. Lakini chama kina paa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Dodoma hupata kiasi cha milimita 550 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 450 hupokea lita 247,500. Ikitolewa sehemu moja katika tano kwa kupotea, zabaki lita 198,000.

Kupambana na moto wa robo ya ghala kwa nusu saa kwahitaji lita 45,000. Kwa hiyo paa la ghala lenyewe laweza kujaza tangi la kiasi hicho zaidi ya mara nne kwa mwaka. Mvua karibu zote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Yapasa tangi lijazwe wakati huo na lisiguswe kiangazi. Tangi la moto likigeuzwa kuwa la kufulia na kumwagilia, mwezi Septemba litakuwa tupu, na Septemba ndio wakati linapohitajiwa.

6. Wajibu wa chama

Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, ijapokuwa lipo katikati ya jiji kubwa kuliko yote nchini. Chama kilicho mbali na mji hakina sababu ya kujiona salama zaidi. Kamati ihakikishe mambo yafuatayo:

Kwanza, ofisa wa zimamoto aalikwe kukagua ghala kabla ya msimu wa ununuzi. Aulizwe ukubwa wa kiungio cha mipira ya Jeshi, ili tundu la kutolea maji la tangi litengenezwe kwa kipimo hicho.

Pili, lango liwe pana na njia iwe wazi mpaka kwenye tangi. Magari ya kubeba mazao yasiegeshwe hapo usiku.

Tatu, magunia yapangwe kwa mafungu yenye njia katikati, mbali na nyaya za umeme. Mashudu ya alizeti yenye unyevu huweza kupata joto yenyewe hata kuwaka; yakaguliwe kwa mkono mara kwa mara.

Nne, salfa, mbolea na dawa za mimea visiwekwe pamoja na mazao. Salfa ikiungua hutoa hewa inayokaba pumzi. Orodha ya vitu vilivyomo ghalani ikae kwa mlinzi, ili askari wajue wanakabiliana na nini.

Tano, mlinzi ajue namba 114, na aweze kueleza mahali ghala lilipo kwa kutaja barabara na alama. Ajue pia kutumia mtungi wa kuzimia moto, kwani katika dakika za mwanzo yeye ndiye zimamoto pekee.

Sita, bima ya ghala na mazao ilingane na thamani ya msimu huo. Kiasi kilichoandikwa miaka mitano iliyopita hakiwezi kurudisha mazao ya leo.

Vyama vina haki ya kudai kituo na magari kwa kupitia madiwani na halmashauri, na dai lenye vipimo husikilizwa kuliko malalamiko. Chama kikipeleka idadi ya majengo ya ghorofa, kilomita hadi kituo, upana wa njia na mahali pa maji, kitakuwa kimesaidia mpango wa mji mzima. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na kinga na tahadhari zikiwekwa mapema, moto hukosa pa kuwakia.

Maswali ya kujadili

1. Kutoka ghala la chama hadi kituo cha zimamoto ni kilomita ngapi? Kwa hesabu ya sehemu ya 4, ni dakika ngapi?

2. Sakafu ya ghala ina mita za mraba ngapi? Robo yake ikiungua, zahitajika lita ngapi kwa dakika, na kwa nusu saa?

3. Paa la ghala laweza kukusanya lita ngapi kwa mwaka? Chama kina tangi la lita ngapi, na leo lina maji kiasi gani?

4. Lango na njia vina upana wa mita ngapi?

5. Nani hulala ghalani usiku, na mara ya mwisho alifundishwa lini?