Maziwa Lala na Unga wa Mabuyu

Kiangazi kikishika hapa Kibwezi, embe zimekwisha, mapapai ni ya wenye maji ya kumwagilia, na machungwa ya sokoni yana bei. Lakini mbuyu, ambao kwa Kikamba ni mwamba, bado umesimama na matunda yake makavu. Wengi wetu tunayajaza kwenye magunia na kumwuzia mchuuzi kwa bei anayotaka yeye, yakaenda Mombasa kutiwa sukari na rangi nyekundu. Somo letu safari hii ni hili: kabla gunia halijafungwa, bakisha debe moja la watoto wako, uwachanganyie na maziwa lala.

Kwa nini? Maziwa yana protini, na yana kalsiamu ya kujenga mifupa. Vitamini C ni kidogo sana, na hiyo kidogo hupungua zaidi tukiyachemsha. Unga wa mabuyu unayo kwa wingi. Ukipima kwa uzito, kwa kawaida hupita chungwa mara kadhaa, ingawa miti haifanani. Tena una vitu vya mimea viitwavyo polifenoli. Hizo pamoja na vitamini C huitwa antioksidanti. Neno gumu, lakini tazama jembe lililosahauliwa nje: hewa na unyevu hulila likashika kutu. Mwilini nako, chakula kinapotumika, hutokea chembe zinazoharibu seli kwa njia inayofanana na hiyo, na antioksidanti huzipunguza nguvu.

Tusidanganyane lakini. Hii si dawa ya saratani wala ya kisukari, hata mtu wa sokoni akiapa. Ni chakula. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga huu mwaka 2008, na huko hutiwa kwenye vinywaji na vitafunio. Sisi tunao mlangoni.

Chagua matunda yasiyo na tundu. Ukiona ukungu ndani, tupa. Toa mbegu, twanga polepole ili unga utoke bila mbegu kuvunjika, kisha chekecha. Chemsha maziwa mpaka yafure. Usiruke hatua hii, maana maziwa mabichi huweza kuleta brusela na kifua kikuu. Yakibaki vuguvugu tu, tia vijiko vitatu vya maziwa lala mazuri kwa kila lita, funika, acha usiku kucha. Asubuhi yakishaganda koroga, ndipo utie unga, kijiko kikubwa kimoja kwa kikombe. Yatakuwa mazito, kwa sababu mabuyu yana pektini, ile inayogandisha jemu.

Mimi mara ya kwanza nilitia unga sufuria ikiwa bado motoni. Maziwa yalikatika pale pale, mabonge huku na maji huku, na watoto wakacheka. Asidi ya mabuyu hukata maziwa ya moto, na moto nao huharibu ile vitamini tunayoitafuta. Kwa hiyo unga ni wa mwisho, baada ya kupoa.

Akina mama wengine huuliza kama maziwa haya yaliwe pamoja na isyo. Afadhali yawe ya saa nne, peke yake. Madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na kunde hupenya mwilini vizuri yakipata vitamini C, lakini kalsiamu ya maziwa huyazuia. Basi ukila isyo, koroga mabuyu kwenye maji safi yaliyochemshwa na kupozwa. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 asipewe chochote kati ya hivi, maziwa ya mama yanamtosha.

Unga uliobaki weka kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jua. Ukichota, tumia kijiko kikavu. Tone moja la maji linatosha kuufanya mabonge, na baada ya hapo ni ukungu.