Karatasi za Wazee Wetu na Namna ya Kuziweka



Wengi wetu tunazo nyumbani karatasi za wazee: hati ya shamba, waraka wa mirathi, barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, au cheti cha eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Twazitia chini ya kitanda, tukazikumbuka siku ya ugomvi wa mpaka.

Mjomba wangu alihamia Magu, upande wa Ziwa Victoria, kilomita zipatazo 60 kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, akafungua duka. Aliondoka Pemba na hati ya mikarafuu ya babu, maana yeye ndiye mkubwa. Alipofariki, jamaa wakanituma niifuate, kwa kuwa jirani alidai shamba letu linaishia mwembeni, nasi twasema kisimani.

Mkaza mjomba akanipokea kwa wema, akasema, "Mwanangu, sanduku lipo, hatukuligusa kabisa." Na kweli halikuguswa. Sanduku la mbao lilikaa juu ya sakafu ya udongo, limeegemea ukuta, miaka mingi. Mchwa waliingia kwa chini, na mvua ilivuja kwa juu, karatasi zikagandamana. Binamu yangu, aliposikia naja, alizianika mbili juani kutwa nzima kwa siku kadhaa. Zikajikunja, zikawa ngumu kama papa mkavu, na wino ukapauka. Hati tuliyoitaka tuliipata nusu: neno "kisima" lipo, lakini upande gani wa shamba, mchwa wamekula.

Sisi wakulima wa karafuu tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Karafuu zikitiwa guniani kabla ya kukauka huwa mpeta. Karatasi nayo ikifungiwa na unyevu huota ukungu. Tofauti ni kwamba karafuu zataka jua, na karatasi hailitaki. Iliyolowa itandazwe kivulini penye upepo, juu ya kitambaa safi, moja moja. Zilizogandamana zisibanduliwe kwa nguvu.

Iliyochanika usiibandike selotepu: gundi yake hugeuka manjano na kuacha doa. Ondoa pini za chuma kabla hazijaota kutu. Wala usikubali kuambiwa hati ya zamani ifunikwe plastiki kwa moto, kwani ikishafunikwa kuitoa ni taabu kubwa. Ilaze bapa ndani ya bahasha ya karatasi safi, usiikunje. Penye mkunjo ndipo hukatika kwanza.

Sanduku liinuliwe juu ya matofali au kichaga, mbali na ukuta, wala lisiwe jikoni penye moshi. Wako wanaotia karafuu sandukuni kufukuza wadudu. Si vibaya, lakini mafuta ya karafuu hutia doa, basi zifungwe katika kitambaa na zisiguse karatasi. Mimi harufu siitegemei sana. Nategemea kulifungua sanduku kila mwezi na kutazama. Mchwa hutangulia na udongo wake, nao huonekana.

Kisha hati moja isikae nyumba moja peke yake. Ipige picha kwa simu, mwenye ndugu Unguja ampelekee nakala, na aliye bara vile vile. Kama mjomba angeacha nakala Pemba, nisingesafiri safari ile ndefu kuleta nusu ukurasa. Asili ibaki na mwenyewe, maana mahakamani ndiyo huulizwa kwanza.

Barua za herufi za Kiarabu zina shida nyingine: vijana wetu wengi hawazisomi. Idara ya Nyaraka iliyoko Kilimani, Unguja, ina hati nyingi za namna hiyo tangu karne ya 19, lakini zako wewe haziko huko. Zisomwe sasa, wakati wasomaji wapo, na maneno yake yaandikwe kwa herufi za Kirumi katika karatasi nyingine.

Mimi nazisoma kidogo. Mwanachama mwenye barua ya namna hiyo na aje ofisini Jumamosi asubuhi, alete na kijana wake wa kuandika.

Katibu