Mashine ya Kuranda Mbao Inapoharibu Kazi: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kuirudisha kwa Muuzaji

Mashine ya kuranda mbao kwa unene si chombo cha bei ndogo kwa seremala wa Pemba. Inapoutafuna ubao wa mvule ulioletwa na mteja, hupotea ubao na hupotea pia imani ya mteja. Somo hili linaeleza kasoro zinazotokea mara kwa mara, ili mnunuzi aweze kutenganisha kasoro ya mashine yenyewe, ambayo ana haki ya kuidai kwa muuzaji, na kasoro inayotokana na kisu, ubao au umeme. Asiyeweza kutenganisha hayo huambiwa kwa urahisi kuwa ameiharibu mwenyewe.

Kabla ya kugusa sehemu yoyote ya ndani, chomoa waya kwenye soketi. Kuzima swichi hakutoshi. Visu huendelea kuzunguka kwa muda, na umeme uliokatika mtaani unaweza kurudi wakati mkono umo ndani.

Tuanze na umeme, kwani hapo ndipo hasara inapokuwa kubwa. Umeme unaofika Pemba kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010 ni ule ule wa Tanzania Bara: majumbani ni volti 230 na hezi 50. Mashine zilizotumika zinazoletwa kutoka nje hazikutengenezwa zote kwa umeme huo. Za Japani huwa za volti 100, za Marekani 120, na zana nyingi za maeneo ya ujenzi ya Uingereza ni za volti 110. Mashine ya namna hiyo ikichomekwa moja kwa moja, mota huungua mara. Transfoma hupunguza volti lakini haibadilishi hezi, na baadhi ya mota za hezi 60 hupata moto kupita kiasi kwa umeme wetu. Soma kibati kilichobandikwa kwenye mota kabla ya kulipa. Ikiwa kibati kimebanduliwa au kimekwaruzwa kisisomeke, tunashauri usinunue, hata ikiwa bei inavutia.

Mota inayonguruma bila kushika kasi, au inayozimika ubao unapoingia, mara nyingi haina ubovu wowote. Waya wa kurefusha ulio mrefu na mwembamba, tena uliozungushwa kwenye gurudumu lake, hupunguza nguvu inayofika. Tumia waya mfupi wenye unene wa milimita za mraba 2.5, na uunyooshe wote. Tatizo likibaki, mwambie fundi umeme apime volti mashine ikiwa inaranda. Kipimo kinachochukuliwa ikiwa imezimwa hakioneshi upungufu huo. Kwa mashine ndogo za mkononi na za mezani, angalia pia kaboni za mota, kwani huisha kwa matumizi na hubadilishwa kwa gharama ndogo.

Mstari ulioinuka kuanzia mwanzo wa ubao hadi mwisho ni alama ya kisu chenye pengo. Mbao zilizotolewa kwenye milango ya zamani au kwenye majahazi huficha misumari, na zilizoburutwa ufukweni hubeba mchanga. Mvule nao una mawe yake: chokaa ngumu hujikusanya ndani ya mti, na kisu kikiigusa hupoteza makali. Piga burashi ya waya, kagua misumari, ndipo urande. Ikiwa pengo ni dogo na visu vinaruhusu, sogeza kisu kimoja pembeni milimita mbili au tatu ili mapengo yasifuatane. Mstari utatoweka hadi siku ya kunoa.

Uso unaochanika vipande, hasa kwa mwembe na mvule ambao nyuzi zake hupishana, unatokana na kuranda kinyume cha nyuzi, au na kisu butu. Geuza ubao uingie kwa ncha ya pili, na upunguze kina hadi milimita moja au chini yake. Haraka ya kumaliza kwa pigo moja ndiyo inayokula mbao nyingi.

Ncha ya ubao kuliwa zaidi, kiasi cha vidole vitatu au vinne, huleta ugomvi mwingi kati ya mnunuzi na muuzaji. Ubao mrefu huning'inia, na rola moja inapouachia, ncha hunyanyuka kwenye visu. Ushikilie ubao sawasawa unapoingia na unapotoka, na hakikisha meza za pembeni zimelingana na meza ya kati. Kidogo kitabaki hata kwa mashine nzuri, hivyo acha ziada ya kukata. Usiingize kabisa kipande kilicho kifupi kuliko urefu uliotajwa kwenye kitabu cha maelekezo.

Ubao ukikwama njiani, safisha rola zilizoshika utomvu na upake meza nta ya mshumaa. Usipake mafuta, kwani yatatia madoa na rangi haitashika.

Kasoro ya kudai ni hii: pima ubao kwa kalipa kwenye kingo zote mbili. Ikiwa upande ule ule wa mashine hutoa wembamba kila mara, hata ukibadilisha ubao, basi kichwa cha visu hakiko sambamba na meza. Kama kitabu cha maelekezo hakikupi njia ya kurekebisha hilo, usifungue boliti mwenyewe. Andika vipimo juu ya ubao huo, weka mshale kuonesha ncha iliyotangulia kuingia, kisha uende nao kwa muuzaji pamoja na risiti na picha ya kibati cha mota. Akikataa kukusikiliza, vilete vyote hivyo kwenye ofisi yetu, na ubao wenyewe usiuache nyumbani.